Yusufu Aliamka Usiku



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, twasoma habari za wanawake wawili waliomgombania mtoto mbele ya Mfalme Sulemani. Wengi wetu twakumbuka upanga na hekima ya mfalme, lakini twasahau jinsi msiba ule ulivyoanza. Mtoto mmoja alikufa usiku kwa kuwa mama yake alimlalia. Na nyumbani mle hapakuwa na mtu mwingine wa kuamka.

Tusimlaumu mama yule. Mwanamke aliyetoka kujifungua, tena aliyenyonyesha mara kadhaa tangu magharibi, hulemewa na usingizi. Tujiulize sisi akina baba: katika nyumba ambayo baba yumo, yeye hufanya nini saa nane za usiku? Tumezoea kusema kwamba usiku ni wa mama kwa kuwa maziwa ni ya mama. Ni kweli, kunyonyesha hatuwezi. Lakini kumpokea mtoto akisha kushiba na kumlaza salama, hilo twaliweza.

Basi tumlaze vipi? Bibi zetu, kwa nia njema, walitulaza kifudifudi wakihofu tusije tukapaliwa tukicheua. Leo madaktari wanatuhakikishia kwamba mtoto mwenye afya alazwaye chali hapaliwi zaidi kwa sababu hiyo. Huko Uingereza, kampeni ya kuwalaza watoto wachanga chali ilianza mwaka 1991, na katika miaka michache vifo vyao vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Jambo hilo halihitaji fedha, bali mtu wa kulitenda kila usiku.

Kwa hiyo, baba, mlaze mwanao chali, juu ya godoro lisilobonyea, karibu na kitanda cha mama yake. Ondoa mito na mablanketi mazito, uso wake uwe wazi, kisha chomeka chandarua vizuri. Usisinzie kwenye kochi ukiwa umempakata. Jiko la mkaa lisilale chumbani, kwa maana hewa yake huua bila kunusika. Na kama umekunywa pombe, au wavuta sigara, usilale kitanda kimoja na mtoto. Afadhali pombe na sigara uziache kabisa kwa ajili yake.

Wapendwa, Injili hazikuandika hata neno moja lililotamkwa na Yusufu. Lakini Mathayo atwambia kwamba, alipoonywa katika ndoto juu ya hatari iliyomkabili mtoto, hakungoja kupambazuke. Aliamka usiku uleule, akamchukua mtoto na mama yake.

Usiku wa leo mtoto atakapolia, nasi tuamke. Mungu awalinde watoto wetu, naye atupe sisi baba zao moyo wa kukesha. Amina.