Waswahili Waliotangulia Kuuona Mji wa Berlin



Kusafiri kwa ajili ya kutazama nchi za watu si jambo geni katika dini yetu. Ibn Battuta alitoka kwao Tanja akiwa kijana, peke yake, na mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Siku hizi vijana wa Bujumbura nao hupanda ndege na kesho yake wakaamkia Ulaya. Wengine huenda kusoma, wengine kufanya biashara, na wengine kutembea tu na kuyatazama majumba ya kale. Mzee anapomuaga mwanawe uwanjani huwa na swali moyoni asilolisema: Mwislamu mmoja, katikati ya watu wasiomjua, ataishije?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa na wazee wa pwani zaidi ya miaka mia iliyopita, na mji wenyewe ulikuwa Berlin, makao makuu ya Wajerumani, ambao babu zetu waliwaita Wadachi. Tusidhani kuwa mji huo uko mbali na habari zetu. Ni katika Berlin, nyumbani kwa Bismarck katika mtaa wa Wilhelmstraße, ndipo mataifa yalipokutana tangu tarehe 15 Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885 kushauriana juu ya Afrika, wala hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Boma la Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, lilipokea amri zilizotoka huko mpaka Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916. Na kwa kuwa Wajerumani walitawala maboma yao kwa Kiswahili, iliwapasa kujifunza. Mwaka 1887 walifungua katika mji wao chuo cha lugha za Mashariki, na wakatafuta wenyeji wa lugha hiyo wawe wasaidizi wa masomo.

Miongoni mwao alikuwa Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha huko tangu mwaka 1891 mpaka 1895. Yeye aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za mambo aliyoyaona, na maandiko yake yakapigwa chapa mwaka 1894 katika mkusanyo wa bwana Büttner. Huyu ndiye apaswaye kuitwa mtazamaji wa mji. Wapo Waswahili wengine waliofika mbali kuliko yeye, kama Salim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Lakini Salim alifuatana na bwana wake. Amur alikaa katika mji wa watu miaka minne, akijipangia mwenyewe siku zake.

Basi mgeni kama huyo alikuta nini? Alikuta Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791, lenye nguzo kubwa na juu yake sanamu ya gari la farasi wanne. Alikuta barabara pana iliyopandwa miti ya mlindi kandokando, iendayo mpaka kasri ya Kaisari. Haya hata msafiri wa leo huyaona, ila kasri ya zamani iliharibiwa na vita, ikabomolewa mwaka 1950, na ile iliyosimama sasa imejengwa upya kwa kuigiza sura yake.

Lakini kilichomtatiza Mwislamu hakikuwa mawe. Kilikuwa jua. Hapa Bujumbura jua huchomoza na kuchwa karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima, na mtoto mdogo aweza kuijua Magharibi bila saa. Berlin sivyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuchwa, hata Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana kama watu wanaokimbizana. Mwezi wa Juni, kwa saa za huko za leo, huchwa saa tatu na nusu usiku, na wekundu wa mbingu hauondoki upesi. Mwenye kufunga Ramadhani ikiangukia majira hayo hushinda na njaa saa kumi na nane au zaidi. Nao akina Amur hawakuwa na msikiti. Wa kwanza kujengwa Ujerumani kwa ajili ya kusalia ulikuwa wa mbao, mwaka 1915, huko Wünsdorf kusini mwa Berlin, kwa ajili ya mateka wa vita Waislamu, na haukudumu. Kabla ya hapo mtu alisali chumbani mwake, akijiadhinia na kujikimia mwenyewe.

Wa pili kutajwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwenye elimu ya dini. Alifika Berlin mwaka 1900. Kazi yake ilikuwa kuwasomesha Wajerumani waliojitayarisha kuja kututawala, na ingawa wao ndio waliokuja kwake kujifunza, cheo chake kilikuwa cha chini ya walimu wa Kizungu. Huko ughaibuni ndiko yalikotengenezwa maandiko ya kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na bwana Velten mwaka 1903, na sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Ndani yake mna habari za uzazi, za jando, za chuo na fimbo ya mwalimu, za arusi, za ngoma na za maziko. Inastaajabisha kuwa mtu aliyekuwa mbali na kwao, barafu ikianguka nje, aliweza kuyakumbuka hayo yote kwa utaratibu. Wataalamu wa mila za pwani hawajaacha kukirejea mpaka leo. Pengine kama angebaki Bagamoyo asingeyaandika, kwa maana aliye nyumbani haoni haja ya kuandika lile alionalo kila siku.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani aitwaye Bertha Hilske. Sheria yetu iko wazi: Mwislamu mwanamume ameruhusiwa kumwoa mwanamke wa Ahlil Kitabi. Sheria ya Ujerumani yenyewe ilikubali, wakaoana. Mwaka 1905 mkataba wa kazi ukakoma, naye akafunga safari kurudi kwao pamoja na mkewe. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ya koloni ilikataa wasishuke pamoja, kwa kuwa haikutaka Waafrika waone mwanamke Mzungu ameolewa na mtu mweusi. Hebu lifikirini jambo hili, enyi ndugu! Mtu yuko melini, anaiona minazi ya kwao kwa macho, na aliye nje ya nchi ndiye anayemzuia kuikanyaga. Ilimbidi achague, akachagua kutomwacha mkewe. Akarudi Ujerumani. Alifundisha Hamburg kwa miaka kadhaa, kisha akarudi Berlin, akawa akizunguka kutoa hotuba juu ya Afrika kwa kuonyesha picha, na huko ndiko alikofariki mwaka 1927. Wako watakaosema kuwa kuoa ugenini ndiko kulikompoteza. Neno hilo si la haki. Aliyetimiza ahadi ya ndoa hakupotea. Waliofunga bandari ndio wa kulaumiwa.

Wa tatu habari yake ni nzito. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, na Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita vya mwaka 1914 vilipozuka mtoto huyu naye akaingizwa jeshini, akiwa na umri wa miaka kumi tu. Wengi hapa Buyenzi wanatokana na wazee waliokuwa askari. Habari hii hawataiona ngeni. Mwaka 1929, baada ya kufanya kazi katika meli, alifika Berlin peke yake kwa shabaha moja: kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Akaambiwa amechelewa.

Hakurudi. Alifanya kazi ya kuandalia watu katika jumba kubwa la starehe liitwalo Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili katika chuo kile kile walichofundisha akina Amur na Mtoro, na akaigiza katika filamu. Alimwoa Maria Schwandner tarehe 27 Januari 1933. Siku tatu baadaye Hitler alishika serikali. Kuanzia hapo mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Aliomba nishani ya askari wa vita, akanyimwa. Mwaka 1941 ilionyeshwa filamu ya kumsifu Carl Peters, yule aliyewaonea wazee wetu vibaya, naye Husen akaonekana ndani yake. Ni aibu, lakini anayemhukumu na aulize kwanza ni kazi gani nyingine aliyoachiwa mtu mweusi katika Berlin ya siku zile. Mwaka huo huo akakamatwa, akishitakiwa kuwa na mwanamke Mzungu asiye mkewe. Dini haikubali jambo hilo kwa mtu yeyote, mweusi wala mweupe. Lakini kosa waliloliandika wao lilikuwa la rangi, si la zinaa. Bila kupelekwa mbele ya kadhi wala hakimu, alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, na akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kilitiwa katika njia ya miguu, mbele ya nyumba nambari 193 ya mtaa wa Brunnenstraße. Na mwaka 2024, barabara iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Peters katika kata ya Wedding ilibadilishwa, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Kijana atakayefika Berlin asitosheke na lile lango la farasi. Na apite huko pia.

Kuna na mahali pengine. Mwaka 1798 alifariki Berlin balozi wa Dola ya Uthmaniya, Ali Aziz Efendi, na hakukuwa na makaburi ya Waislamu. Mfalme wa Prusia akatoa kipande cha ardhi azikwe kwa desturi ya dini yake. Mwaka 1866 mabaki yake yalihamishiwa mahali palipo sasa barabara ya Columbiadamm, na pakawa makaburi ya Waislamu waliofia ugenini. Karibu na makaburi hayo leo pamesimama msikiti wenye kuba na minara miwili, uitwao Şehitlik. Ijumaa husaliwa hapo, na mgeni akitoka nje baada ya sala huyaona makaburi papo hapo, kando ya ukuta.