Hotuba ya Katibu juu ya Chombo cha Kupikia Nafaka



Katika sherehe hii ya miaka 10 nimeombwa niseme juu ya jambo linalozungumzwa sana baina yetu, yaani chombo gani tununue iwapo tutaanzisha kiwanda kidogo cha kukeneka spiriti kutokana na mahindi na mtama wetu. Babati si ngeni kwa biashara ya vinywaji vikali. Mati Super Brands huvitengeneza papa hapa mjini. Wala sisemi habari za gongo. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 yakataza kukeneka bila ya leseni, na pasipo leseni hatutawasha hata kijiti cha kiberiti.

Wengi huuliza kwanza bei ya mtambo wa shaba, kwa kuwa unang'aa. Mimi naona mali hupotea mapema zaidi, katika uji. Wanga wa nafaka haugeuki pombe mpaka kwanza ugeuzwe sukari, na kazi hiyo hufanywa na kimea. Akina mama wapikao togwa wanaijua elimu hii kuliko mimi: uji hupikwa ukaiva, huachwa upoe, ndipo hutiwa kimea cha ulezi, nao hulegea ukawa mtamu. Atiaye kimea katika uji unaochemka amekiua.

Kiwandani mambo ni yayo hayo. Wanga wa shayiri hulainika katika joto la nyuzi 60 na kitu, ambalo kimea hulistahimili, basi huchanganywa vyote pamoja. Mahindi na mtama hutaka joto kubwa zaidi; ni salama kuyafikisha nyuzi 85 au 90. (Katika mwinuko wetu huu maji huchemka yapata nyuzi 95, basi hatupungukiwi.) Kisha uji hushushwa hadi 65, hutiwa kimea, ukakaa saa moja au zaidi.

Kwa sababu hiyo nawasihi tusinunue pipa la watengenezaji wa bia, lile lenye chujio chini, hata likiuzwa rahisi. Liliundwa kwa ajili ya shayiri, ambayo makapi yake hujipanga yakawa chujio. Unga wa mahindi hauna makapi hayo, nao utaziba matundu yote siku ya kwanza.

Tunachohitaji ni chungu cha chuma kisichoshika kutu, chenye kuta mbili, ili kati yake upite mvuke wakati wa kupika na maji baridi wakati wa kupoza. Ndani yake uwemo mwiko wa mota. Fedha ikitupungukia, tupunguze kwingine kokote, lakini si kwenye mwiko. Kila aliyesonga ugali anajua uzito ule. Mota dhaifu itasimama, uji utashika chini, na harufu ya kuungua itafuatana na spiriti mpaka ndani ya chupa. Kimea kidogo kikitiwa mapema, uji ungali vuguvugu, hupunguza uzito huo.

Mafundi wametushauri pipa la mabati juu ya moto wa kuni. Ni rahisi, ndiyo, lakini uji uliochachuka hula zinki ya mabati, na moto wa kuni huunguza. Tangi la mvuke ni ghali, na OSHA hulikagua. Gharama ya ukaguzi na tuiandike tangu sasa.

Juu ya ukubwa: kilo 250 za unga katika lita 750 za maji hujaza lita 920 hivi. Anayetuuzia chungu cha lita 1,000 hakutuachia nafasi ya povu. Tuombe cha 1,200.

Tani moja ya mahindi, kazi ikiwa safi, hutoa karibu lita 380 za spiriti halisi. Kazi ikiwa mbovu, sehemu ya wanga huishia kwenye machicha, na mwanachama aliyeleta gunia lake hulipwa kidogo bila ya kujua sababu. Kipimo chake si ghali: tone la ayodini ya duka la dawa katika uji uliopoa. Likigeuka buluu nyeusi, wanga ungalimo. Ningependa kila pishi lipimwe hivyo mbele ya mjumbe mmoja wa wanachama, na matokeo yaandikwe daftarini.

Machicha yatafaa ng'ombe na nguruwe, ila yachukuliwe siku ile ile, kwani huchacha upesi.

Ukomo wa madeni utaletwa Mkutano Mkuu kwa idhini yenu kabla ya fedha yoyote kutoka. Bei tulizopokea zimebandikwa mlangoni pa ofisi, na mwenye swali aje wakati wowote wa kazi.