Ugomvi Wodini Huanza Saa ya Kubadilishana Zamu



Nimeombwa nizungumzie migogoro na msongo wa kazi hospitalini. Sitaanza na tabia za watu. Nitaanza na zamu.

Muuguzi amekesha peke yake na wodi iliyojaa. Asubuhi mwenzake anachelewa, kisha makabidhiano yanafanywa mbiombio wakiwa mlangoni. Baadaye inagunduliwa haikuandikwa kama mgonjwa fulani alipewa dawa ya alfajiri. Huyu anamlaumu yule, sauti zinapanda, na mgonjwa yuko pale pale anasikia yote. Dawa yake sasa yaweza kurudiwa au kurukwa.

Ndiyo maana nawasihi wasimamizi wa wodi: makabidhiano yafanyiwe kando ya kitanda, mgonjwa mmoja mmoja, faili ikiwa mkononi. Ugomvi ukizuka, mgonjwa ahudumiwe kwanza. Kisha waiteni wote wawili faraghani siku hiyo hiyo, kila mmoja asikizwe bila kukatizwa, na mtakayokubaliana yaandikwe. Mkingoja mkutano wa mwisho wa mwezi, wodi nzima itakuwa imegawanyika kambi mbili.

Kuhusu uchovu, mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuishiwa nguvu namna hii hutokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa: mtu huchoka kupindukia, huichukia kazi yake, na utendaji hushuka. Msimwite mvivu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, na tangu ugatuzi wa 2013 mwajiri wa wengi wao ni kaunti. Ratiba isiyo na siku ya mapumziko irekebishwe ofisini, asiachiwe muuguzi avumilie.

Nanyi wakaazi, aliyefika nyuma yako akiingizwa kwanza, mara nyingi ni kwa kuwa hali yake ni mbaya zaidi, si kwamba ana jamaa ndani. Dawa zikikosekana, aliye dirishani siye anayeziagiza. Sisemi mnyamaze. Wapo wahudumu wenye lugha chafu, na uchovu hauwatetei. Mwoneni msimamizi wa zamu, au andikeni malalamiko mkitaja siku, saa na wodi. Hayo yanaweza kufuatiliwa. Makelele ya koridoni hakuna wa kuyafuatilia.

Sasa nipokee maswali. Tuanze na akina mama walioketi nyuma.