Daftari la Zamu ya Usiku



Nimetakiwa nizungumze juu ya kazi za zamu viwandani, kazi iliyowalisha wengi wetu hapa Uingereza. Nimeifanya miaka 26; 14 kati ya hiyo nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha vyombo vya plastiki. Zamu zetu zilianza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, nazo zilizunguka kila wiki. Mwili haukupata kuzoea. Wanangu walikua wakinyamazishwa: "Baba amelala."

Watu hudhani usimamizi ni kuamrisha. Sehemu kubwa yake ni daftari. Zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, msimamizi huandika mashine ipi ina kasoro, kisha humsomea mwenziwe. Ni dakika kumi tu, lakini huwa za mwisho, wakati macho yanauma na basi linakaribia.

Alfajiri moja niliona kinga ya mashine ya kukatia imelegea. Sikuandika; nilijiambia nitamweleza mwenzangu kwa mdomo. Akachelewa, nami nikaondoka. Saa 3 asubuhi simu ikalia nyumbani. Kijana wetu, niliyemtafutia kazi hiyo mwenyewe, alikuwa amekatika ncha za vidole viwili. Yumo humu ukumbini, na ameniridhia niyaseme haya. Nilikwenda hospitali nikamkiri yeye na mama yake kabla sijamweleza meneja. Mama yake hakusema nami mwaka mzima, na haki ilikuwa yake.

Tangu siku ile sikutoka bila ya kuandika, hata katika Ramadhani ya mwaka 2016, jua lilipokuwa likituchwea kiasi cha saa 3 na nusu usiku, nami nikishika mashine za waliofunga ili wapate tende na maji. Mimi nilifuturu baada yao.

Vijana mnaoanza kazi za usiku, kanuni za saa za kazi za mwaka 1998 zinakupeni haki ya kupimwa afya bila ya malipo. Idaini. Sisi tuliona haya, tukaogopa kuitwa wadhaifu. Sukari yangu iligunduliwa imekwishakomaa.

Mambo ya mashine atakuelezeni kijana huyo baada ya chakula. Mimi nimestaafu, yeye ndiye msimamizi wa zamu sasa.