Mtoto Atazaliwa Wapi? Swali la Kikundi Kizima

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Tumeombwa tuzungumze juu ya kujifungulia nyumbani na kujifungulia hospitali. Tunajua wengine mmekuja mkifikiri mtapigiwa kelele tu za "nendeni hospitali, nendeni hospitali." Kelele hizo ni za miaka mingi. Mkutano mkubwa wa kimataifa uliozindua kampeni ya uzazi salama ulifanyika hapa kwetu Kenya, mjini Nairobi, mwaka 1987. Hata hivyo, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100, ni 61 tu waliozaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa 82. Hiyo ni hatua kubwa, tushukuru. Lakini wale 18 waliobaki, wengi wao ni wa mashambani kama sisi.

Basi hatutaanza kwa kumlaumu mama. Mama anayebaki nyumbani si mjinga. Tukizunguka vijijini tunamwuliza, na anatujibu vizuri kabisa. Anasema mto ukijaa hakuna bodaboda itakayovuka. Anasema bwana yuko Mombasa kikazi na simu yake imezimwa. Anasema nyumbani kuna maji ya moto, kuna uji, na nyanya mkunga anamsugua mgongo na kumwita "mwanangu." Kule hospitali alipoenda mara ya kwanza, alifokewa mbele ya watu eti analia kama mtoto.

Hayo si ya kupuuza. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja zilivunjwa. Mwaka 2013 mama huyo alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, akatukanwa na kupigwa. Mahakama ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Kwa hivyo mama akisema ametukanwa, asiambiwe anyamaze. Kikundi kimpeleke kwa kamati ya kituo, na mwenyekiti aende naye. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya matibabu, na inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Lakini sasa tuseme ukweli wa upande wa pili.

Kuna mama atakayesema, "Mimi nimezaa watano nyumbani, na wote wazima." Ni kweli, uzazi mwingi huenda salama. Shida ni kwamba katika kila mimba 100, karibu 15 hupata matata, na hakuna mtu, awe daktari au mkunga, anayeweza kuwachagua wote mapema kwa kuwatazama. Tena yule aliyezaa watano yuko katika hatari zaidi ya kuvuja damu akizaa wa sita, maana tumbo la uzazi limechoka na huenda lisijikaze vizuri.

Hiyo damu ndiyo tunataka mwielewe, kuliko mengine yote ya leo. Mtoto ametoka, amelia, watu wamepiga vigelegele. Mama amelala kimya. Watu wanadhani amechoka. Kumbe damu inapita chini ya leso pole pole. Damu ikifika kiasi cha chupa ya soda ya nusu lita, hiyo ni hatari tayari, na inayovuja kwa nguvu inaweza kumaliza mama kwa muda wa saa mbili. Hebu pigeni hesabu. Kutafuta pikipiki usiku, nusu saa. Barabara mpaka kituo, saa nzima kukiwa kukavu. Je, zimebaki dakika ngapi?

Hospitali wana sindano ya kukaza tumbo la uzazi. Anachomwa mara tu mtoto anapotoka, kabla damu haijaanza kuwa nyingi. Dawa hiyo huwekwa kwenye baridi, kwa hivyo nyanya mkunga hawezi kuibeba kwenye kikapu chake. Wana maji ya mshipa, na hospitali kubwa ina damu ya kuongeza. Wana dawa ya kifafa cha mimba. Mtoto akizaliwa bila kupumua, wana mfuko wa kumpulizia hewa, na kazi hiyo yatakiwa ianze ndani ya dakika ya kwanza. Nyanya mkunga ana mikono mizuri na moyo mzuri. Vifaa hivyo hana.

Msituelewe vibaya, hatusemi nyanya mkunga atupwe. Zamani aliitwa semina akafunzwa, akarudi na mkoba. Baadaye ikaonekana mafunzo peke yake hayawezi kuzuia vifo vya kina mama kama hospitali haiko karibu. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa mimba, kabla hata ya mume! Vikundi vingine vimempa kazi mpya: yeye ndiye anayemsindikiza mama hospitali, anabeba leso na thamosi ya uji, anakaa naye. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu wake wa kumsindikiza katika uchungu, na aachwe achague jinsi ya kukaa, hata kuchuchumaa. Mwulizeni sista wa kituo chenu kama anaruhusu. Akikataa, mwulizeni tena mkiwa kumi. Na nyanya apewe kitu kwa kazi hiyo, maana amepoteza ile zawadi aliyokuwa akipata.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Vikundi vyenu vingi vina sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu. Ni mpango mzuri dhidi ya wezi. Katika kikundi kimoja tunachokijua, mwanachama alishikwa na uchungu Jumamosi usiku. Maji yalitoka mapema, mtoto alikuwa amelala vibaya. Dereva alikubali kuja, lakini alitaka pesa ya petroli kwanza. Pesa zilikuwako, tena nyingi, na za mama huyo mwenyewe zilikuwa humo ndani. Mtunza ufunguo wa tatu alikuwa amekwenda matangani, kijiji cha mbali. Sheria ya kikundi ilisema mkopo hutolewa siku ya mkutano tu. Walipomaliza kuchanga kutoka nyumba hadi nyumba, kulikuwa kumekucha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Ndiyo maana tunasema uchaguzi wa nyumbani au hospitali haufanywi na mama peke yake usiku ule wa uchungu. Hufanywa miezi mitatu kabla, na wanaofanya ni wengi: mume, mama mkwe, dereva, na nyinyi viongozi mnaoandika sheria za mikopo. Tengeni pesa ya uzazi nje ya sanduku, kwa simu au kwa mtu mmoja mwaminifu, iweze kutoka usiku bila mkutano. Irudishwe baadaye bila riba. Na mume anayekwenda kazi mbali aache neno wazi mbele ya watu: "Ukifika wakati, msiningoje mimi."

Juu ya gharama, msikae na habari za zamani. Tangu Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, kisha ukaja mpango wa Linda Mama. Lakini NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 mambo hayo yako chini ya SHA, na huko kujiandikisha ni jambo moja, kulipa mchango ni jambo jingine. Mama aliyejiandikisha bila kulipa anaweza kufika wodini akadaiwa pesa taslimu. Kwa hivyo mimba ikijulikana tu, jambo hili liulizwe katika kituo chenyewe, sio sokoni.

Jueni pia kituo cha pili. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma karibu miezi mitano, na kuna kina mama waliofika wakakuta mlango umefungwa.

Kuna dalili ambazo hazingoji mkutano wala mume: kutokwa damu kabla ya uchungu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni, na uchungu kupita saa 12. Hapo ni kuondoka.

Na kama mtoto amewahi, njiani au nyumbani? Inatokea, hata kwa aliyejiandaa. Osha mikono kwa sabuni. Mpanguse mtoto, umlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, muwafunike wote wawili. Anyonye mara moja, kunyonya kunasaidia tumbo kujikaza. Usivute kitovu, usikanyage wala kusukuma tumbo ili kondo la nyuma litoke. Kikikatwa kitovu, ni kwa wembe mpya na uzi safi, na kisipakwe mavi ya ng'ombe, jivu wala mate. Mtoto asiogeshwe siku hiyo. Kisha wote wawili waende kliniki siku hiyo hiyo, hata wakionekana wazima. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, msisahau.

Mzee pale ameinua mkono, anauliza habari za kondo la nyuma, kwamba kwao ni lazima lizikwe nyumbani, na hospitali hulitupa. Mzee, umefanya vizuri kuuliza, maana kuna nyumba ambazo mama hukatazwa hospitali kwa sababu hiyo moja na hakuna anayeisema. Mwulize sista mapema, kabla ya siku, kama mnaweza kupewa. Mchukue ndoo yenye kifuniko.

Sasa kabla ya chai, kila kikundi kikae kando. Hesabuni wenye mimba katika kikundi chenu, hata wasio wanachama. Kwa kila mmoja andikeni mwezi wake, kituo chake, dereva na nambari yake ya simu, atakayebaki na watoto, na watu wawili walio tayari kutoa damu. Kisha mjadili ile sheria ya mikopo. Sista wa kliniki yuko hapa nasi mpaka saa nane.