Kodi ya Mauzo na Mwenye Duka



Nchini Marekani, tangu hukumu ya mwaka 1992, jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji asiye na duka, ghala wala wakala humo kulikusanyia kodi ya mauzo. Biashara ya intaneti ilipostawi, madhara yakaonekana. Katika South Dakota, mwenye duka alitoza kodi kwa kila kiti alichouza. Kampuni ya mbali haikutoza. Mnunuzi alipaswa kuilipa mwenyewe, lakini ni wachache waliotii. Hivyo sheria ikawa inamwelemea mfanyabiashara wa mtaani.

Tarehe 21 Juni, 2018, katika kesi baina ya South Dakota na kampuni ya samani ya Wayfair, Mahakama ya Juu iliifuta kanuni hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4.

Jimbo hilo halitozi watu kodi ya mapato. Huduma zake hutegemea sana kodi ya mauzo. Hukumu haikumhakikishia mwenye duka wateja, bali ilisawazisha mizani. Askari, ambaye mshahara wake hutoka katika kodi, ana kila sababu ya kutaka mizani hiyo isipinde.