Jiwe Lililorudishwa Mahali Pake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mawe. Labda mtu wa Kalangalala atacheka, aseme, "Je, sisi watu wa Geita ndio wa kufundishwa habari za mawe?" Kweli, tangu miaka ya 1930 nchi hiyo yajulikana kwa machimbo ya dhahabu. Mwajua jinsi mwamba unavyopasuliwa chini ya ardhi, ukapandishwa juu, ukasagwa katika karasha hata ukawa unga, ndipo dhahabu ikatolewa. Jiwe lenyewe halitakiwi tena. Hutupwa likawa kifusi.

Lakini liko jiwe la namna nyingine, ambalo thamani yake haimo ndani, bali i juu ya uso wake. Ukilivunja jiwe hilo hupati kitu, tena umepoteza kila kitu. Habari za jiwe la namna hiyo ndizo tulizowaletea leo.

Twende pamoja kwa mawazo mpaka pwani, tuvuke bahari, tufike kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani. Hapo upo msikiti ambao kwa nje hauna fahari. Mpita njia aweza kuupita asigeuze kichwa. Ila ndani, katika ukuta unaoelekea Makka, imo mihirabu, yaani kidaka anaposimama imamu kuwaongoza watu katika sala. Mihirabu hiyo ni ya mawe ya matumbawe yaliyochongwa nakshi, na pamoja nayo yamo maandishi ya Kiarabu kwa khati ya kale iitwayo Kufi, ambayo herufi zake zimechanua kama majani na maua. Maandishi hayo yamtaja Sheikh Abu Imran, aliyeamuru msikiti ujengwe, na yataja mwaka: 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 kwa hesabu ya Kizungu. Mwaka 1922 mtaalamu mmoja, Samuel Flury, aliyaeleza maandishi hayo kwa wasomi wa nchi nyingine, nao wakatambua kuwa ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yetu.

Yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Tumbawe hutolewa baharini lingali hai. Likiwa bichi ni laini, chombo cha chuma hulikata bila taabu. Likikaa juani na penye upepo hukauka, likawa gumu. Kwa hiyo fundi hana nafasi ya kusitasita. Sharti ajue moyoni mwake herufi gani yaja na jani gani lafuata, kabla jiwe halijakauka. Khati ya namna hiyo yafanana sana na ile ya Siraf, mji wa bandari katika pwani ya Uajemi, ambao vyombo vyake vilikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Lakini jiwe ni la bahari yetu. Jina la sheikh aliyeamuru twalisoma. Jina la fundi aliyechonga halikuachwa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Katika karne ile ile, mbali sana, kaskazini ya Uingereza, fundi mwingine alikuwa akichonga jiwe. Katika kanisa la kijiji cha Bridekirk limo birika la ubatizo, yaani chombo cha jiwe cha kutilia maji ya kubatizia. Lilichongwa katika karne ya 12. Upande mmoja laonyesha ubatizo wa Yesu. Upande mwingine fundi amejichonga mwenyewe, nyundo na tindo mkononi, na maandishi ya herufi za kale yasema kuwa aliyelifanya ni Rikarth. Mtu yule hakuwa mfalme wala askofu, bali fundi tu. Na hata leo mtoto wa kijiji kile akiletwa kubatizwa, yupo Rikarth kazini.

Mawe haya mawili hayakujuana, wala watu wake hawakuwa wa dini moja. Lakini yamepatwa na jambo moja. Msikiti wa Kizimkazi wa kwanza uliharibika, na katika karne ya 18 watu wakaujenga upya; kuta nyingi tunazoziona leo ni za wakati huo. Kanisa la Bridekirk nalo liliondolewa, likajengwa jipya kati ya mwaka 1868 na 1870. Waashi wa Kizimkazi wangeweza kuyatia mawe yale ya nakshi katika msingi. Wale wa Bridekirk wangeweza kuliacha birika katika magofu. Hawakufanya hivyo. Nyumba ilikuwa mpya, jiwe likarudishwa mahali pake pa heshima.

Msidhani kwamba jambo hilo hutokea daima. Huko Uingereza, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 na baada yake, mabirika mengi yalitupwa nje ya makanisa, na mengine yakawa mahori ya kunyweshea ng'ombe. Katika pwani yetu pia, watu wamebomoa majengo ya kale wakachukua mawe yake kujengea mapya. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walihitaji jiwe, nalo lilikuwa karibu.

Hapo ndipo habari hii inapofika Kalangalala. Mji wa Geita unakua; kila mwaka msingi mpya wachimbwa. Nchi hiyo ya Wazinza na Wasukuma haina msikiti wa mwaka 1107, lakini si nchi tupu. Hapo waliishi Warongo, mafundi waliojua kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo, na mavi ya chuma yao yangali ardhini. Mtu akikuta mabaki hayo shambani, asiyavunje wala kuyachukua, bali amwarifu mwalimu au mkuu wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria haiwezi kusimama penye kila shimo. Mwenye jembe ndiye aliye wa kwanza kuona.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee jina la kila jiwe la kale na la kila fundi mliyesikia habari zake, mkaandike. Fundi wa Kizimkazi kazi yake twaiona, jina lake limepotea. Wale wa kwenu huenda majina yao yangali vinywani mwa wazee.

Dhahabu hutoka ikaenda zake, nasi hatujui imefika wapi. Jiwe lililochongwa likitunzwa halisafiri. Lakaa likimngoja mjukuu aje alisome.